Kompyuta uliyoiunda mwenyewe ibadilishwe baada ya miaka mingapi?

Tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, kuna swali ambalo limekuwa likinifuata kila ninapokaa barazani: "Sasa hii mashine yangu niibadilishe?" Wanaouliza ni vijana waliojiundia kompyuta zao za mezani kipande kwa kipande, wazazi waliotoa pesa za vipande hivyo, na wenye saiba walio na mashine nane au kumi zilizopangwa ukutani. Wengi wao wanataka nitaje idadi ya miaka. Mitatu? Mitano? Wameshaambiwa na wauzaji kwamba mashine ya miaka minne ni kizee, na wameshaona kwenye simu video za watu wa Marekani wanaobadilisha kadi kila toleo jipya linapotoka.

Nimekuwa nikiunda na kutengeneza kompyuta za mezani hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka kumi na tano, kwanza kwa mapenzi, baadaye kwa riziki. Jibu langu ni kwamba swali hilo linafaa friji. Friji hununuliwa nzima na hufa nzima. Lakini tarakilishi (tulifundishwa hivyo shuleni, ingawa mtaani sijamsikia mtu akiiita hivyo) ukiiunda mwenyewe haina umri mmoja. Ni kama jahazi ambalo kila mwaka hubadilishwa mbao mbili tatu zilizooza, likaendelea kuitwa jina lile lile. Mashine ninayoandikia makala haya ina kasha la mwaka 2012, madabodi ya 2018, pawa saplai ya 2019 na prosesa ya 2022. Ukiniuliza ina miaka mingapi, nami nitakuuliza unakusudia kipande gani.

Kwa asiyeijua mashine kwa ndani, niseme kwa ufupi. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu. RAM ni meza ya kazi, mahali ambapo kila ulichokifungua hukaa kwa muda. Diski ni kabati la kuhifadhia. Kadi ya grafiki huchora kile unachokiona kwenye skrini, na ndiyo inayobeba mzigo wa gemu na sehemu kubwa ya kazi za video. Madabodi ni ubao unaoviunganisha vyote, na pawa saplai hupokea stima ya ukutani na kuigawa kwa viwango vidogo ambavyo vipande hivyo vinaweza kuvistahimili. Kila kimoja huzeeka kwa mwendo wake.

Zamani mwendo huo ulikuwa wa kutisha. Pentium za kwanza za Intel zilitoka mwaka 1993 zikiwa na kasi ya megahezi 60 na 66. Machi 2000, AMD na Intel zilifikia gigahezi 1, zikipishana kwa siku mbili tu. Hiyo ni kasi iliyoongezeka zaidi ya mara kumi na tano ndani ya miaka saba, na programu zilikuwa zikikimbia nyuma yake. Aliyenunua mashine 1996 alijikuta 1999 akiwa na sanduku linalohema kila likifungua programu mpya. Wakati huo, kubadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu hakukuwa anasa. Ilikuwa hivyo au ubaki nyuma.

Kisha mbio zikakutana na joto. Prosesa ikiongezwa kasi hula umeme zaidi, na umeme huo hugeuka moto usio na pa kwenda. Mwishoni mwa 2004 Intel ilikuwa na Pentium 4 ya gigahezi 3.8, na toleo la gigahezi 4 lililokuwa limeahidiwa likafutwa. Kuanzia 2005 watengenezaji wakashika njia nyingine, wakaanza kuweka viini viwili, kisha vinne, ndani ya prosesa moja ili vigawane kazi. Lakini si kila kazi inayogawanyika. Wapishi wanne hawaivishi sufuria moja ya wali kwa robo ya muda. Kwa hiyo mtumiaji wa kawaida hakuona tena ule mruko wa zamani. Isitoshe, hadi mwanzoni mwa 2017 prosesa za mezani ambazo Intel iliwauzia watu wa kawaida hazikuzidi viini vinne. Aliyenunua Core i7-2600K mapema 2011 aliweza kukaa nayo miaka sita, saba, bila kuona haya mbele ya wenzake. AMD ndiyo iliyovunja ukimya huo Machi 2017 kwa Ryzen ya viini vinane, na Oktoba mwaka huo huo Intel ikajibu kwa viini sita.

Ndiyo maana ile kanuni ya miaka miwili au mitatu, ambayo bado inanukuliwa madukani, imebaki midomoni baada ya sababu yake kwisha. Kwa wapenzi wa kompyuta ninaowajua hapa Pwani, prosesa hukaa miaka mitano hadi minane. Kadi ya grafiki, kwa mcheza gemu, mitatu hadi mitano. Kasha halibadilishwi mpaka litoboke kwa kutu.

Lakini kalenda ya kiwandani haijalegea hata kidogo. Nvidia ilitoa kadi za RTX 20 mwaka 2018, RTX 30 mwaka 2020, RTX 40 mwaka 2022 na RTX 50 mwanzoni mwa 2025. Kila baada ya miaka miwili na ushei, kijana aliyelala akiwa na kadi nzuri huamka akiwa na kadi ya zamani, ingawa hakuna kilichobadilika ndani ya kasha lake. Ukitaka kujua watu hasa wanabadilisha baada ya muda gani, usiitazame kalenda hiyo. Tazama takwimu ambazo duka la gemu la Steam huchapisha kila mwezi kuhusu mashine za wateja wanaokubali kuhesabiwa. Kadi ya GTX 1060, iliyotoka 2016, iliongoza orodha hiyo kwa miaka kadhaa, hadi 2022. Kufikia wakati huo vizazi viwili vizima vilikuwa vimeshatoka baada yake. Watu wa dunia nzima, wenye mishahara ya kila aina, walikuwa wamekaa na kadi ya miaka sita na gemu zao zikiendelea.

Kuna jambo jingine ambalo huamua mtu atabadilisha mara ngapi, nalo ni soketi, yaani kile kitanda cha madabodi ambamo prosesa hulala. Hapa Intel na AMD zimekuwa na tabia tofauti, na tofauti hiyo ina bei. Mwaka 2015 Intel ilileta soketi ya LGA 1151. Mwaka 2017 ikatoa prosesa mpya zenye idadi ile ile ya vishikizo lakini zilizokataa madabodi za awali. Mwaka 2020 ikaja LGA 1200, mwaka 2021 LGA 1700, mwaka 2024 LGA 1851. Aliyetaka kupanda hatua kubwa alilazimika mara nyingi kununua prosesa na madabodi pamoja, na wakati mwingine RAM pia. AMD kwa upande wake ilikaa na soketi ya AM4 tangu Ryzen za kwanza za 2017, na Aprili 2022 bado ilikuwa ikitoa prosesa mpya kali kwa soketi hiyo, Ryzen 7 5800X3D ikiwa mojawapo. Warithi wake, AM5, walikuja mwaka huo wa 2022 wakitaka RAM ya DDR5, ambayo haiingii kwenye nafasi ya DDR4 hata uisukume vipi. Mtu wa AM4 aliweza kubadilisha ubao mmoja wa jahazi. Mtu wa Intel mara nyingi aliuziwa nusu ya jahazi.

Sasa nirudi kwenye swali la barazani. Badala ya kuhesabu miaka, mtafute yule anayewachelewesha wenzake. Msafara huenda kwa mwendo wa anayechechemea, na ndani ya kompyuta anayechechemea huwa mmoja tu, mara chache wawili. Kumtafuta ni bure. Fungua kazi ile unayoifanya kila siku, iwe ni gemu, video au faili la hesabu la duka, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha prosesa, RAM, diski na kadi ya grafiki zinavyotumika wakati huo. Tazama kwa dakika kumi ukiwa kazini, si wakati mashine imekaa bure.

Diski ikikaa kwenye asilimia 100 huku prosesa ikiwa 20, umeshampata. Na kama diski hiyo ni ile ya kuzunguka, usitafute zaidi. Diski ya kuzunguka husoma kama megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde, SSD ya kawaida ya SATA hufika 500 na zaidi, na zile nyembamba za NVMe hupita elfu kadhaa. Hata hivyo tarakimu hizo hazisemi yote. Diski ya kuzunguka inapotafuta vifaili vidogo vilivyotawanyika, mkono wake husafiri huku na huku, milisekunde kadhaa kwa kila safari, na Windows inapowaka huomba maelfu ya vifaili vya namna hiyo. SSD haina mkono wa kusafirisha. Katika miaka yote hii sijaona badiliko linalomfanya mtu atabasamu haraka kama hili, hata kwa mashine ya miaka kumi.

RAM ikijaa hadi karibu na mwisho, mashine huanza kutumia diski kama meza ya ziada, ndipo kila kitu huganda. Hesabu pia vijiti. Kijiti kimoja cha gigabaiti 16 huenda polepole kuliko viwili vya 8, kwa sababu madabodi nyingi husoma vijiti viwili kwa njia mbili sambamba. Nimeona vijana wakitafuta kadi mpya ilhali wanachokosa ni kijiti cha pili.

Kwa gemu, kadi ya grafiki kufika asilimia 97 au 99 si ugonjwa. Ndiyo inafanya kazi uliyoinunulia. Ugonjwa ni kadi kukaa kwenye 50 huku picha zikikatika. Hapo prosesa ndiyo inayoshindwa kuilisha. Jaribio rahisi ni kupunguza ukubwa wa picha kwenye mipangilio ya gemu. Picha kwa sekunde zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki pale pale, kadi mpya utakayoinunua itakaa ikisubiri prosesa kama ile ya zamani.

Novemba iliyopita alinijia kijana mmoja wa Kisauni anayepiga na kuhariri video za harusi. Mashine aliiunda mwenyewe 2018: Ryzen 5 1600, madabodi ya B350, kijiti kimoja cha gigabaiti 8, diski ya kuzunguka ya terabaiti moja na kadi ya GTX 1050 Ti. Muuzaji mmoja alikuwa amemwambia kwamba yote hayo ni chuma chakavu, haiwezi kupokea Windows 11, na kwamba amtafutie shilingi elfu tisini na tano ampe mashine mpya. Kijana hakuwa nazo. Mamake alikuwa anangojea zamu yake ya chama mwezi ule, pesa zilizokuwa zimepangiwa mabati ya vyumba viwili vya nyuma ambavyo walitaka kuvipangisha. Mama alikuwa ameshakubali kumpa mwanawe.

Yule muuzaji alisema kweli kwa jambo moja. Windows 11 inataka TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, na orodha hiyo, kwa jumla, huanzia kizazi cha nane cha Intel na Ryzen za mfululizo wa 2000. Ryzen 5 1600 haimo. Lakini kutoka hapo hadi kwenye chuma chakavu kuna safari ndefu. Tulifungua video ya harusi aliyokuwa akiihariri, tukatazama. Diski ilikuwa 100. RAM ilikuwa imebaki na chembe. Prosesa haikufika nusu, na kadi ilikuwa karibu kulala.

Tukaweka SSD, tukapata kijiti cha pili cha DDR4 kilichotumika, na kwa sababu ya Windows 11 tukanunua Ryzen 5 5600, pia ya mkono wa pili, ambayo inaingia kwenye soketi ile ile ya AM4. Kuanzia 2022 madabodi nyingi za kizazi cha B350 zilipata sasisho la BIOS la kuzitambua prosesa hizo. Kadi ya grafiki hatukuigusa. Jumla haikufika elfu thelathini. Pesa za chama zikaenda kwenye mabati.

Nisimulie hatua za kazi hiyo, kwa sababu hapo ndipo watu huua mashine nzima. Sasisho la BIOS hufanywa prosesa ya zamani ikiwa bado imo ndani, kwa kuwa madabodi isiyosasishwa huenda isiwake na ile mpya. Stima ikikatika katikati ya sasisho, madabodi inaweza isiamke tena. Kwa hapa kwetu, ambapo stima hukatika bila hodi, mimi sianzi bila UPS iliyojaa chaji. Baada ya hapo, kabla ya kung'oa feni ya prosesa, iache mashine ifanye kazi ipate joto, kisha uizime, uchomoe waya wa stima ukutani, na uizungushe feni taratibu kushoto na kulia kabla ya kuivuta juu. Ile pesti iliyokauka hushika kama ulimbo, na kwenye AM4 prosesa inaweza kuchomoka pamoja na feni na kupinda vishikizo vyake. Ukishafunga mpya, ingia kwenye mipangilio ya BIOS uhakikishe TPM iliyo ndani ya prosesa imewashwa.

Wenye mashine ambazo hazina njia ya namna hiyo, kwa mfano Core i5 za kizazi cha nne zilizojaa mjini kutoka zile za maofisini zinazoitwa ex-UK, wana muda kidogo. Microsoft imetoa mpango wa masasisho ya ziada ya usalama kwa Windows 10 majumbani hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo kuna Linux, ambayo kwa saiba ya kuchapisha, eCitizen na barua pepe inatosha kabisa. Onyo kwa wanaotaka kuzigeuza ex-UK hizo kuwa mashine za gemu: nyingi, hasa za Dell OptiPlex, zina pawa saplai yenye plagi isiyo ya kawaida, na zile nyembamba hazina nafasi ya kadi kubwa. Pima kwanza, nunua baadaye.

Yote niliyosema hadi sasa yangeweza kuandikwa Nairobi. Kinachotutofautisha sisi wa Pwani ni kwamba hapa vipande haviuliwi na uzee peke yake. Chumvi huingia. Mashine iliyokaa Nyali au Likoni karibu na dirisha linalotazama bahari, ndani ya miaka miwili skrubu za kasha huwa zimeota kutu, na kwenye meno ya RAM kunakuwa na utando. Mara nyingi mashine inayoletwa kwangu "imekufa" huwa inataka RAM itolewe, meno yake yasuguliwe polepole kwa ufutio wa penseli, ipulizwe, irudishwe. Vumbi peke yake si adui mkubwa, ila vumbi likichanganyika na chumvi na unyevu huwa tope jembamba linalopitisha umeme mahali usipotakiwa.

Kisha kuna joto. Pawa saplai na madabodi zina kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotuliza stima, na mafundi wa elektroniki wana kanuni ya zamani: joto likipanda kwa digrii 10, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Sasa mchukue mtu wa Uingereza ambaye chumba chake ni digrii 20, umlinganishe na chumba cha juu pale Majengo mwezi wa Machi, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu. Akikwambia pawa saplai yake imedumu miaka kumi, mwamini, lakini usiipangie yako miaka hiyo. Zangu nazikagua zikitimiza mitano. Nikiona kikopo kimevimba au nikisikia harufu ya kuungua, siulizi tena. Pawa saplai ya bei rahisi ndicho kipande ambacho kikifa hutaka kuzikwa na wengine, na kinachofanya hali iwe mbaya ni ule mpigo wa stima inaporudi baada ya kukatika. Chomoa. Hata kama kuna kifaa cha kulinda, stima ikipotea chomoa, subiri dakika chache baada ya kurudi, ndipo uchomeke.

Kwa hiyo ratiba yangu hapa ni ya usafi zaidi kuliko ya ununuzi. Kila miezi mitatu nafungua kasha, napuliza, nafuta. Kila miaka miwili nabadilisha pesti ya prosesa. Kasha halikai sakafuni wala upande wa dirisha la baharini. Kazi hizi hugharimu jioni moja na zimeniongezea miaka mingi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Kuna kundi moja la watu ambalo halihitaji ushauri wangu, nalo ni la wenye mapenzi. Hao hubadilisha kadi kila toleo, na wanajua hawaihitaji. Siwacheki. Mfuga njiwa wa Mji wa Kale haulizwi njiwa wanamlipa nini. Lakini hata wao wana hesabu zao, na wajanja kati yao hutumia kidogo kuliko unavyodhani: huuza kadi ya zamani miezi michache kabla mpya haijatangazwa, wakati bei yake bado imesimama, kwa hiyo wanacholipa ni tofauti tu. Anayengoja hadi mpya ifike madukani hukuta kila mtu anauza, bei imeanguka. Wanaoumia ni wale wanaowaiga hao kwa pesa za mkopo, bila kuwa na kitu cha kuuza.

Tena huu si wakati wa kubadilisha kwa mazoea. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda vibaya duniani kote. Viwanda vichache vinavyoitengeneza, Samsung, SK Hynix na Micron vikiwa ndivyo vikubwa, vimeelekeza uwezo wao kwenye kumbukumbu za mashine za akili bandia, ambazo hulipa vizuri zaidi. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaacha kuuza bidhaa za Crucial kwa watumiaji wa kawaida, jina ambalo wengi wetu tumelitegemea kwa RAM na SSD. Kuhama leo kutoka DDR4 kwenda DDR5 ni kuinunua meza ya kazi upya kwa bei ya msimu. Mwenye vijiti vya DDR4 vilivyo salama avitunze, na asivigawe kama karanga.

Kinachotoka kwenye mashine moja hapa Mombasa huingia kwenye nyingine. GTX 1060 yangu ya zamani iko Mtongwe, inacheza mpira wa kwenye skrini kila usiku kwa jamaa yangu ambaye hana haja ya zaidi. Na soko hilo la mkono wa pili ndilo linalowawezesha wengi wetu kubadilisha hata kidogo, ila lina mitego yake. Mnamo Septemba 2022, sarafu ya Ethereum ilipobadilisha mfumo wake, kadi nyingi zilizokuwa zikichimba usiku na mchana zilimwagwa sokoni, na bado zinazunguka. Kuchimba peke yake hakuiharibu kadi, lakini feni zilizozunguka miaka mitatu bila kupumzika huwa zimechoka.

Kwa hiyo usinunue kadi iliyo mezani. Mwambie muuzaji aichomeke, aiwashie gemu nzito au programu ya majaribio kwa dakika ishirini huku ukiitazama joto lake. Ikipita digrii 85 na feni zikilia kama jenereta, mwachie. Tazama pale inapochomekwa waya wa skrini. Rangi ya kijani kibichi pale ni chumvi, na ikiwa imefika pale nje basi ndani imeshaingia. Tazama skrubu zilizo nyuma kama zimekwaruzwa, kwani hiyo ni dalili kwamba ilishafunguliwa. Akikataa kuiwasha kwa sababu "stima imepotea dukani", mwambie utarudi ikirudi.